Santuri ya Thadeus

Bathsheba, kaa chini kwanza ndipo usome ujumbe huu.

Nilienda soko la Daraja Mbili kununua sweta, nimerudi na santuri ya marehemu mume wangu. Ile ya okestra, fidla tupu, aliyokuwa akiipiga kila Jumapili tukitoka kanisani.

Ndiyo, ile ile tuliyomwekea kifuani mwaka wa 1974, mimi na wewe, kabla ya jeneza kufungwa. Mwandiko wangu bado uko kwenye jalada: "Lala salama, Thadeus."

Mama wa mitumba akaniambia, "Nyanya, hiyo ni ya zamani kukuliko." Nikamjibu soko zima halina kitu cha zamani kuniliko. Kisha nikauliza ameitoa wapi.

"Kwa mzee Mogaka wa Nyacheki. Aliniuzia pamoja na suti ya kijivu."

Suti ya kijivu, Bathsheba. Tuliyomzika nayo.

Na ni Mogaka shemeji yangu aliyetufukuza usiku ule wa maziko tukapumzike, akasema atalinda kaburi la ndugu yake peke yake, wachawi wasije wakalifukua.

Sasa hivi yuko sebuleni kwangu, anakunywa chai. Ananiuliza nimenunua nini sokoni.

Nimemwambia sweta. Mfuko wenye santuri nimeukalia.