Kushuka Ngazi Kwenda Makumbusho ya Anga

Kaluga,
22 Aprili 2019.

Mpendwa mdogo wangu Alevtina, Alya wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji Gordei, na kwamba kifua kimeacha kukusumbua. Najua huko Magadan theluji bado ipo, kwa hiyo vaa zile soksi za sufu nilizokufumia, usijifanye msichana. Mimi sijambo. Kisiki cha mguu kinauma kila mvua inapokaribia, basi nimekuwa mtabiri wa hali ya hewa bila mshahara.

Ulilalamika kwamba kwenye simu nakujibu ndiyo na hapana tu. Alya, nikisikia sauti yako naanza kulia, ndiyo maana nimeona heri niandike. Sitakuficha, nina upweke. Tangu mume wangu Veniamin afariki na mguu wangu ukatwe, sijatia pua nje isipokuwa kwa kubebwa kwenda hospitali. Huku ghorofa ya nne hakuna lifti, unajua mwenyewe. Kuna siku nawasha redio ili tu nipate wa kubishana naye.

Sasa nikupe habari. Mwanzoni mwa mwezi alinipigia binti mmoja wa makumbusho ya anga, anaitwa Zlata. Walikuwa wanawaalika watu wenye ulemavu kwa ajili ya Sikukuu ya Anga. Akanieleza raha zote zilizopo: njia za mteremko, lifti pana, vitu vilivyowekwa chini ili mtu aone akiwa amekaa, na vingine vya kupapaswa kwa wasioona. "Bibi, hutakutana na ngazi hata moja," akasema. Nikamjibu, "Mwanangu, najua kwenu hakuna ngazi. Zote ziko kwangu." Akaniomba radhi. Hakuwa na kosa, maskini.

Arkady Lvovich, jirani yangu wa mlango wa pili, ndiye aliyekubali kunishusha, yeye na mkwe wake Timur na jamaa wawili wa karakana yao. Lakini alinionya mapema: "Rimma Osipovna, mara hii moja tu. Mgongo wangu si winchi." Nikakubali. Nilijua nina siku moja, na baada ya hapo ni kuta tena.

Kabla ya kutoka wakasema tuketi kimya kidogo, kama desturi ya safari. Wakakaa wao, kwa maana mimi kwenye kiti cha magurudumu nilishakaa zamani. Nilipowaambia hivyo Timur akaangua kicheko, ukimya ukaharibika. Kwenye ngazi nilifumba macho nikawasikiliza wakigombana kila kona. "Timur, unabeba mtu au kabati?" "Kabati lina nafuu, baba, halipumui kwa hofu!" Nje kulikuwa na jua, na matope yalikuwa yananukia. Nilikuwa nimesahau kwamba matope yana harufu.

Makumbusho ni kama Zlata alivyosema. Mlangoni mkata tiketi aliniuliza mwenzangu yuko wapi, kwa kuwa msindikizaji anaingia bure. Nikasema bado hajafika. Sikuweza kusema sina, Alya. Kila mtu pale alikuwa na wake: viziwi walikuwa wanazungumza kwa mikono na kucheka, na mzee mmoja asiyeona alipapasa chombo kilichorudi kutoka angani, ubavu wake umeungua, huku mkewe akimwambia, "Pole pole, usije ukajichoma." Zlata akaja, akashika kiti changu, akanisukuma kana kwamba ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Ukutani kuna picha ya mwanaanga aliyerudi baada ya kukaa juu muda mrefu. Miguu imemlegea, hawezi kusimama. Wanaume wanne wamembeba kitini katikati ya nyika, amefunikwa blanketi, na watu wamemzunguka wanampigia makofi. Niliitazama sana. Nami nilikuwa nimetoka kubebwa hivyohivyo asubuhi ile, ila hakuna aliyekuja kunipokea. Wivu ulinishika, nakwambia kweli.

Halafu nilikwenda chooni. Usicheke. Mlango ni mpana na vishikio viko mahali pake. Niliingia peke yangu, nikafunga mlango mwenyewe, nikafungua mwenyewe. Zlata alinikuta nimefurahi akadhani ni kwa sababu ya maroketi. Akaniambia wana kikundi kinachokutana kila Alhamisi, nisikose. Nikamwitikia tu.

Gari la makumbusho liliponirudisha, Arkady alikuwa ameitwa karakana, ikabidi nimngoje mlangoni chini ya ngazi. Mara mlango wa ghorofa ya chini ukafunguka, akatoka Faina Tikhonovna, yule mjane mwenye paka. Aliponiona akafanya ishara ya msalaba.

"Rimma! Wewe si ulikufa?"

"Bado. Nani kasema?"

"Walikutoa kwa machela wakati wa baridi, na sikukuona ukirudi! Shoga yangu, mbona kila Jumapili nakuwashia mshumaa kanisani?"

"Upande gani, wa walio hai au wa wafu?"

Akatazama chini. "Kwenye meza ya marehemu."

"Ndiyo maana nimekuwa nikilala usingizi mzito," nikamwambia. Tulicheka mpaka paka akakimbia. Kisha nikalia, naye akalia. Mtu anaishi chini ya ngazi zilezile ananiomboleza, nami niko juu nakunywa chai, na hapakuwa na tofauti yoyote.

Alinivuta hadi jikoni kwake, akanipa mkate wa kabichi wa Kwaresima. Akaanza kulalamika: huku chini kuna unyevu, na walevi wanamgongea dirisha. "Laiti ningekaa juu kama wewe. Miguu ninayo. Wewe ungetaka nini?" Nikasema, "Nataka walevi wanigongee dirisha." Akanikatia kipande kingine cha mkate. Kisha tukaelewana tubadilishane nyumba.

Nyumba hii ni ya mama, nusu yake ni yako, na bila idhini yako haiwezekani. Najua utaumia. Mama alifia katika chumba hiki, na Veniamin pia. Nimewaza usiku na mchana, na hata mimi inanikata maini kuiacha.

Lakini jana, Jumapili ya Matawi, Faina alipanda ngazi zote akihema, na tawi dogo la mti mkononi. Akasema, "Leo nimekuwashia upande wa walio hai. Sasa usinifanye mwongo mbele ya Mungu. Shuka."

Alya, nipe ruhusa. Nataka kushuka.

Nisalimie Gordei, mwanao Platon na mkewe Inga, na shangazi Zoya akiwa bado anakumbuka majina. Mungu awape Pasaka njema na awaondolee kikohozi.

Dada yako akupendaye, ambaye bado yu hai,
Rimma