Sauti ya Marehemu Mume Wangu Inamfungukia Shemeji Peke Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimelia mpaka nimechoka, mimi ni Vilasini wa Payyannur, mume wangu Raveendran alikuwa mwalimu, na kabla madaktari hawajamfanyia upasuaji wa koo uliomwondolea sauti alikaa sebuleni akajirekodi akimsomea hadithi binti yetu Ammu, ndiyo sauti yake ya mwisho, akaiweka kwenye diski ya kuchomeka na kuifunga ifunguke kwa akaunti yake tu, asije mtu akaifuta kwa bahati mbaya, kisha akafariki, na kwa kuwa hatuna mtoto wa kiume ni mdogo wake Pavithran aliyemtolea matonge ya wali kule baharini, ibada ya marehemu ambayo kwa mila yetu ni ya mwana, tukawa tunamwona kama mwenye nyumba, akaomba akaunti ya marehemu ifutwe kwenye kompyuta ya nyumbani, kompyuta ambayo mwanzoni ilikuwa yangu mimi, naye afunguliwe akaunti yake, nikakubali, kumbe najitia kitanzi, maana sasa nikichomeka diski inajifungua yenyewe, majina ya hadithi nayaona, nikibonyeza naambiwa sina ruhusa, lakini akiichomeka yeye kila kitu kinacheza, na mmiliki ameandikwa Pavithran!

Alimchezea Ammu hadithi moja, mtoto akalia mpaka akatapika uji. Tangu hapo ananiambia, "Shemeji, hata mashine inamjua mrithi. Acha nifute, tuweke video za harusi yangu." Nikamjibu, "Futa, na mimi unifute!" Akatoka. Mshauri, ina maana mume wangu alimwachia yeye, si mimi?

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, dada Vilasini. Sasa jifute machozi unisikilize.

Raveendran hakumwachia Pavithran chochote. Diski haijui majina, inajua namba. Kila akaunti ina namba yake, na faili zile zimebeba namba ya mumeo. Mlipofuta akaunti yake, namba ikabaki wazi, na aliyefuata akapewa ileile. Ni mpangaji aliyepewa chumba cha aliyehama, asijidai kajenga nyumba. Na wewe nawe, nani kakutuma ufute akaunti ya mtu kabla hujajua inafungua nini?

Leo hii chomoa diski, ifungie kabatini. Fundi akitaka kufungua ruhusa kwa wote, kataa, maana hao wote ni pamoja na anayetaka kufuta. Akaunti yako ndiyo ya kwanza kwenye kompyuta hiyo, bila shaka ina mamlaka ya msimamizi. Kwa mamlaka hayo nakili hadithi zote kwenye diski mpya, kisha nakala hizo uziandikishe kwa jina lako. Za asili usiziguse. Pavithran abadilishiwe namba ya akaunti, diski isimfungukie tena.

Ammu mwache alie, baba yake amekufa. Muulize mwenyewe lini anataka kusikia tena.

Halafu mwite shemeji yako, mkae naye, msikilize hadithi moja mpaka mwisho. Alitoa matonge, akapokea wageni, akaitwa mwenye nyumba. Katika barua yako yote sioni mahali alipopewa pole ya kufiwa na kaka yake.