Mama Mkwe Alinifundisha Kusaga, Nami Nikasema Nimebuni

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba uninusuru, maana nimejifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe na fundo silioni lilipo.

Mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu ni kusaga majani ya jamii ya minazi na michikichi mpaka yawe unga laini, ili wakubwa wangu watoe DNA na kujua mti upi ni ndugu wa upi, na kama hujawahi kusaga jani la mchikichi mshukuru Mungu, kwa sababu maabara yetu ilizoea majani laini ya maharage, hili lina nyuzi kama katani, unamimina naitrojeni ya maji yenye baridi ya kutisha, unatwanga mpaka mabega yanalia, mwisho unabaki na furushi la nyuzi, na mimi wiki tatu nzima nilitoka kapa hadi bosi wangu, Dokta, akawa anaitikia salamu kwa kuguna.

Basi Jumamosi moja nikabeba masalia ya majani nyumbani, nikachukua kinu cha viungo cha mke wangu nikawa najaribu jikoni, mara akaingia mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, na huyu mama maisha yake yote ni msaga viungo sokoni, akasimama akanitazama, nami kwa aibu nikatamani kuingia chini ya meza.

"Baba, hicho unachokitwanga kimekukosea nini?"

"Hakisagiki, mama."

"Kitasagikaje, na kimekauka kivivu? Kitu kikikauka polepole kinaoza huku kinakauka. Na mbona umekata kwa urefu? Toa hizo chelewa za katikati, kata kwa upana, vipande vidogo, kausha upesi, saga kidogo kidogo. Kinu si gunia."

Jumatatu nikafanya vilevile, nikakata majani mabichi, nikayatia kwenye vifuko pamoja na zile punje za kunyonya unyevu, nyingi kuliko zamani, yakakauka upesi yakiwa bado ya kijani, nikasaga yakawa kama poda ya mtoto, na DNA ikatoka safi mpaka Dokta akapiga makofi. "Hii njia umeitoa wapi?" Na ulimi wangu, mshauri, sijui ulitumwa na nani, ukajibu, "Nimeibuni mwenyewe, Dokta."

Sasa kazini wote wananiita Profesa Mchi, jina langu linaingizwa kwenye kitabu cha mwongozo, Alhamisi ijayo wanakuja wageni wa maabara nyingine niwafundishe, na kibaya zaidi, mama mkwe alipouliza kama majani yalisagika nilimwambia bado, nikiogopa atajisifu mpaka habari zimfikie Dokta, naye masikini tangu arudi kwake ananitumia ujumbe wa sauti, mara niweke kinu kwenye baridi kwanza, mara nitie chumvi ya mawe isaidie kukwaruza, mimi nikatia mchanga safi badala yake, na kila analosema linafanya kazi, nami namjibu asante kwa furaha huku nikimwambia bado! Nikisema ukweli nitaumbuka, nikinyamaza nitaendelea kumdanganya mama wa watu. Nifanyeje?

Profesa Mchi

*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuchungulia, halafu nikakasirika. Kukwama wiki tatu kunauma, na sifa ukishaionja ulimi hukosa breki, hapo nakuelewa. Lakini kumwambia mama amefeli ili wewe uonekane umefaulu? Mama wa watu anaumiza kichwa kwa majani yaliyokwisha kuwa unga! Huoni hata haya?

Na unaogopa nini? Kubadili chumvi kwa mchanga ni akili yako, hakuna atakayekunyang'anya. Yaliyobaki ni yake. Mwongozo una nafasi ya majina mawili. Uongo wa mdomoni unafutika kwa dakika tano, ila ukishachapishwa kitabuni hauna sabuni.

Kesho asubuhi, kabla hujavaa koti la maabara, mwone Dokta faragha. Sema: "Nilifundishwa na mama mkwe, nami nilikudanganya." Ishia hapo, usitie "lakini". Kisha mpigie mama. Usimtumie ujumbe, mpigie! Muombe radhi, halafu umkaribishe Alhamisi, na ukampokee mwenyewe.

Niliyaandika haya nikamsomea Profesa kwa simu, nisingoje gazeti litoke. Jana alinipigia. Amesema yote. Dokta alimkazia macho, kisha akauliza jambo moja tu: "Mama ana nafasi Alhamisi?" Jina la mama ndilo litakalotangulia kitabuni, na Profesa hakubisha.

Mama mkwe naye alimwacha amalize kuomba radhi, akamwambia, "Nilijua zamani, baba. Mtu aliyeshindwa hasemi asante kwa furaha namna ile." Anakuja Alhamisi, na ametoa sharti moja: wageni wote waje na kucha fupi, maana kucha ndefu hazishiki mchi.