Kijiko Kimoja cha Samli

Jumanne, Bilele

Kumbe daktari hakusema niache mafuta kabisa. Alisema nipunguze. Tangu kiangazi nakula ndizi za kuchemsha kwa chumvi tu. Mafuta kwenye damu yameshuka, kweli, lakini njaa haiishi, ngozi imekauka kama ganda la kahawa, na visigino vimepasuka.

"Mzee, nani alikwambia ujinyime hivi?" daktari aliniuliza leo.

Nilikasirika. Ni mimi mwenyewe. Niliogopa moyo usije ukasimama ghafla kama ulivyosimama wa kaka. Bado naogopa.

Jioni mke wangu ametia kijiko kimoja cha samli kwenye ndizi. Harufu ile ikanirudisha nyumbani Muleba, mama ameketi anatikisa kisabo, kile kibuyu cha kusukia maziwa. Jumapili kabla ya kanisa alikuwa anafuta kijiko kwa kidole, samli iliyobaki anatupaka visiginoni, mimi na kaka, tusiende mbele za Mungu na miguu myeupe.

Nimemsimulia mke wangu. Amekifuta kijiko kwa kidole, akainama, akanishika mguu.