Aliyeangushwa Ndiye Anayebeba

Iyula, Jumatano, siku moja baada ya Krismasi, 2012. Mvua tangu jana alfajiri, uwanja umekuwa tope tupu. Nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi kwenye simu hii.

Nianze na Mzee Rajabu. Ni rafiki wa Baba tangu vita vya Kagera, Mmanyema wa Kigoma, siku hizi ana malori Tunduma. Kila Idi Baba hushuka kwake. Kila Krismasi yeye hupanda kwetu, na jogoo wa sikukuu humsubiri yeye amchinje ili sote tule chungu kimoja. Lakini kabla ya jogoo ni mieleka. Wazee wawili wa karibu miaka sitini wanavua mashati, wanasukumana na kutukanana kama makuruti, na aliyeangushwa anambeba mwenzake mgongoni kuzunguka nyumba. Watoto wa jirani wanashangilia. Mama hucheka mpaka anakaa chini.

Baba huangushwa kila mwaka.

Nami kila mwaka nilimchukia Mzee Rajabu kimoyomoyo. Na kitambi chote kile, anapandaje mgongo wa mwenzake? Mwaka huu ndiyo kabisa, maana mwezi uliopita daktari alimwambia Baba mbele yangu kwamba diski za mgongo zimechoka, asibebe hata ndoo ya maji, akikaidi atapooza miguu. Baba akaitikia, "Sawa, daktari." Sawa ya wapi! Juzi nimemfuma shambani ananyanyua mfuko wa mbolea, eti anajipima.

Basi nikampigia Mzee Rajabu kwa siri. "Shikamoo, Baba Mkubwa. Mwaka huu tafadhali anguka wewe." Nikamweleza ya daktari. Akasema, "Haya mwanangu, nitaanguka."

Jana alianguka kweli, lakini kuanguka gani kule jamani! Baba hajamkamata vizuri, mzee kajitupa kwenye tope kama mtu anayetafuta pa kulala. Hata watoto hawakushangilia. Kisha akainama, mgongo tayari. "Panda, afande. Leo umeniweza."

Baba alimtazama. Halafu akanitazama mimi, nikajua ameshajua.

"Inuka, Rajabu. Ulishanibeba mara moja, inatosha."

Akaingia ndani. Mzee Rajabu akavaa shati juu ya matope, akamwambia Mama ana mzigo wa kushusha mpakani, akaondoka. Hakunywa hata chai.

Nilimfuata Baba chumbani kwa makelele. Nikamwambia mgongo ule tunauuguza sisi, si Rajabu, na akipooza ni Mama atakayemgeuza kitandani. Ni maneno ya kweli, siyafuti. Alikuwa anahangaika na kamba za buti, hawezi kuinama, ikabidi nipige magoti nimfungulie huku nikiendelea kufoka.

Aliniacha nimalize.

"Kule Uganda nilipopigwa risasi ya paja, Rajabu alinibeba nusu siku nzima," akasema. "Unadhani ningeshindwa kumwangusha mtu mwenye kitambi kile? Nilikuwa najiangusha, binti yangu. Nikishambeba ile raundi moja, tunakunywa chai tuko sawa. Leo umenifanya majeruhi tena mbele yake."

Hasira ikazidi. Miaka yote hii hakutuambia, mimi ningejuaje? Tena ana haki, na daktari naye ana haki, na hakuna hata mmoja wao anayeniambia nifanye nini. Mimi ndiye niliyepiga simu. Mimi, mjuaji wa nyumba hii.

Jogoo bado yuko chini ya mti wa kahawa, amefungwa mguu. Mama amekataa katakata achinjwe na mtu mwingine. Tumekula maharage, watu watatu.

Nitampigia Mzee Rajabu arudi, hilo nimeshaamua. Namba yake iko hapa mbele yangu. Sasa nimwambie nini: njoo ule tu, au njoo ubebwe?