Saa ya Njeri Imenianika Jumuiya

Jumapili usiku

Na ni mimi mwenyewe niliyenyoosha mkono. Hakuna aliyeniuliza ni saa ngapi.

Jumuiya leo ilikuwa kwa Mama Achieng'. Tulipomaliza sala nikaanza sifa zangu. Nikawaambia hii saa si kama zile za dukani, msichana wangu Njeri ameipanga mwenyewe kwa kompyuta, kwa sababu walioitengeneza hawakuficha programu yake, mwenye akili anaibadilisha atakavyo. Chaji inakaa wiki nzima. Sikusema kwamba haipigi simu, wala kwamba Njeri akiichokorachokora inaganda.

Mama Achieng' akainama aione vizuri. Hapo ndipo ikatetemeka, ikaandika kwa herufi kubwa: MAMA, MEZA DAWA YA PRESHA.

"Kumbe uko na presha, Mama Njeri?" Na ile sauti yake inafika hadi mtaa wa Njiru.

Miaka yote hii nimeificha, hata kwa dada yangu. Nikarudi nyumbani nimewaka. Njeri akacheka tu. "Si useme unataka iandike nini, mum. Hiyo ni kazi ya dakika moja."

Nikamwambia iandike CHAI, mtu asijue. Kabla sijavua viatu alikuwa amemaliza. Huyo mtoto ana kichwa, wacha niseme ukweli.

Ilipofika saa mbili usiku ikatetemeka: MAMA, CHAI. Nikainuka, nikapika chai ya maziwa, tukanywa sote.

Daktari alinionya nisiruke hata siku moja, na mama yangu alianguka hivyo hivyo, kwa kuruka dawa.

Dawa ya usiku ndiyo naikumbuka sasa, nikiandika haya.