Kapiteni Wabiwa Hakupanda Bendera

Siku ya posho, 9 novemba 1957

Leo opalere, kile kipaza-sauti cha soko, imesema Barusi balirusha imbwa kule juu. Ndani ya chombo cha chuma, inazunguka dunia. Norbert, karani wa bureau ya serikali, njo alisoma kwa mikro kama kila posho, siku ya soko. Kisha habari ya imbwa akasoma bei ya pamba — na sauti ile ile!

Soko yote ilikuwa imesimama. Marthe, mwenye kuuzisha ndakala, samaki ndogo za kukausha, akauliza kama ile imbwa itarudia. Hakuna aliyejua. Mwanaume mumoja akasema sisi pia tutafika mwezini, siku Bazungu batatafuta ba kubebea mizigo yabo. Bantu bakacheka.

Mi sikucheka. Niko na hasira mupaka sasa. Mizigo — hata kule?

Siku ya yenga, 10 novemba

Kisha ya misa nimekaa nikaandika. Mupaka mukono ukauma. Muchezo wa kusikia na masikio tu, wa opalere. Mambo ya wakati utakaokuja. Chombo kinaruka toka Ubwari, ng'ambo ya hapa kwetu Baraka, kinapita mawingu, kinafika mwezini. Kapiteni ni mwanamuke, Mubembe, jina lake Wabiwa. Haiko mupishi wa muntu. Haiko bibi ya muntu kwanza. Kapiteni.

Baba mudogo Isidore ameniuliza niko natengeneza masomo ya kesho? Yeye ni katekista, niko nakaa kwake tangu nianze kufundisha kwenye école ya basichana. Nilimujibu ndiyo, masomo.

Siku ya ine, 14 novemba

Norbert amekubali muchezo wangu! Robo saa, nyuma ya matangazo. Anafikiri ni muchezo wa kufundisha bantu kunawa mikono. Nilimuambia ni wa safari. Sikudanganya.

Marthe njo Wabiwa. Hasomi, lakini ukimuambia maneno mara mbili anayashika. Na ile sauti yake! Akiita bei kwenye kivuko, bantu ba mitumbwi banageuka. Bisogo njo muongozaji wa chombo. Anashukaka toka milima na ng'ombe za kuuzisha, muntu wa kusema kidogo. Aliniambia muntu mwenye kuongoza hana nafasi ya kusema mingi. Nikakata maneno yake nusu. Alisema kweli, na muchezo umekuwa muzuri zaidi.

Ngurumo ya chombo: pipa yenye kujaa mawe, tunaisukuma chini. Miguu juu ya vumbi ya mwezi: ndakala kavu juu ya bati, unakanyaga pole pole. Marthe ameuliza nani atanunua ndakala zenye kukanyagwa na mwezi.

Siku ya posho, 16 novemba

Sijui niandike namna gani.

Pipa ilipoanza kunguruma, mutoto mumoja alilia, na mwanaume mumoja aliacha baisikeli yake katikati ya njia akakimbia. Kisha sauti ya Marthe ikatoka juu: «Mi ni Wabiwa. Niko naona Baraka chini yangu, kidogo kama sahani.» Soko ikanyamaza. Hata wenye kuuzisha nyama! Bamama baliangalia juu, haiko kwa opalere — kwa mbingu.

Tulikata pale chombo kinagusa mwezi. Bantu balikatala kwenda kwabo. Banauliza mwezini banalima muhogo? Iko maji? Na mama mumoja muzee alikamata Marthe mukono, akamuambia ashuke na akili, juu huko kunaweza kuwa mawe.

Ndakala zote zimeuzishwa. Bantu balitaka za mwezi.

Siku ya pili, 19 novemba

Norbert amekuja kwenye école, uso kama muntu wa malaria. Bwana Ajenti wa territoire, Mubeleji mwenye kutawala hapa, amesikia habari. Anataka sehemu ya pili kwa Kifaransa kabla ya posho. Norbert mwenyewe alipaswa kuitafsiri. Alipofika mwisho wa karatasi alikaa chini.

Sasa amejua haiko muchezo wa kunawa mikono.

Siku ya tatu, 20 novemba

Nimeitwa bureau. Nilivaa kikwembe changu cha Pasaka.

Ajenti hakukasirika. Ingekuwa afazali. Alinipa kiti, akasema niko na akili, akasema alicheka juu ya ndakala. Anataka kurekebisha bitu bibili tu. Kwanza, ndani ya chombo awe mukubwa Mubeleji, na Wabiwa amusaidie. Pili, bakifika mwezini bapande bendera, sababu kila muntu mwenye kufika inchi mupya anapanda bendera.

Kwenye karatasi yangu Wabiwa anasimama mbele ya bantu ba mwezi, anabauliza kama anaweza kukaa, na kwa siku ngapi. Ajenti aliweka kidole palepale.

«Kwa nini anaomba?»

«Sababu kule ni kwabo, Bwana.»

Norbert alikuwa kwenye meza yake, anaandika, na kalamu haikuwa inagusa karatasi. Niliona. Kisha Ajenti akasema, na sauti ya upole kabisa, kwamba école inaweza kupata mwalimu mwengine, na bureau karani mwengine.

Nilimuambia nimesikia. Sikumuambia ndiyo.

Siku ya tano, 22 novemba

Norbert amekuja tena. Iko na batoto batatu na bibi yake ana mimba. Aliomba, haiko kwa kelele. «Ni kipande cha kitambaa tu, Adolphine. Kwenye muchezo wa kusikia. Hakuna hata atakayekiona!»

Nilimuambia kama ni kitambaa tu, Ajenti akiache.

Nilimuhurumia na nilimukasirikia, byote pamoja. Mi niko peke yangu, ni rahisi kwangu kusema hapana — hii pia ninaijua. Basi nilimuambia asome maneno ya bendera mwenyewe kama anataka, Marthe hatayasema. Na kapiteni anabaki Wabiwa.

Baba mudogo Isidore alisikia yote toka chumba. Wakati wa kula akasema: «Kama utabakubalia, usiniambie.» Nilifikiri atanigombeza! Mupaka sasa sijui vizuri alitaka kusema nini. Alinipa kichwa cha samaki, kipande chake mwenyewe.

Siku ya posho, 23 novemba

Ajenti mwenyewe alikuja, na kiti chake, akakaa chini ya opalere. Soko haijajaa hivi hata siku ya kulipa kodi.

Pipa. Ndakala. Bisogo akasema «Tumefika», ile tu. Kisha ikafika zamu ya bendera. Norbert alikuwa na karatasi ya Ajenti mukononi. Alivuta mikro. Nikasikia pumzi yake katika soko yote, kubwa kama upepo. Kisha akasukuma mikro kwa Marthe.

Marthe akasema: «Benyeji ba hapa, tunaomba. Tunaweza kukaa siku ngapi?»

Krak! Motere ya umeme ikazimika. Muntu alitumwa kuizima nyuma ya bureau. Opalere ikakufa, na kila muntu akageukia Ajenti.

Marthe hakugeuka. Alipanda juu ya pipa yenye mawe, akavuta pumzi, akaanza tena toka «Benyeji ba hapa», bila mikro. Ilifika mupaka kwa mitumbwi. Bantu ba kando ya maji balijibu: «Mukae!»

Ajenti alibeba kiti chake yeye mwenyewe kwenda nacho.

Siku ya kwanza, 25 novemba

Niko ndani ya bureau. Polisi alinitoa darasani, basichana balisimama wote. Meza ya Norbert haina muntu. Hakuna anayetaka kuniambia yeye iko wapi.

Ajenti alinipa karatasi yenye muhuri na kalamu nzuri. Niandike sehemu ya tatu hapa, yenye bendera, yenye mukubwa wake. Nikimaliza nitarudi école. Kisha akaenda kula. Niko naandika hii juu ya karatasi yake. Upande wa kwanza umejaa, nimegeuza.

Inje kuna bantu. Balikuwa kidogo, sasa ni bengi. Nasikia pipa — muntu anaisukuma kwenye uwanja wa bureau! Na Marthe. Anasema sehemu ya tatu. Mi sijaandika sehemu ya tatu. Wabiwa anatafuta muongozaji wake, bantu ba mwezi bamemuficha, anapita nyumba kwa nyumba, anamuita. Anamuita Norbert. Kila mara uwanja wote unaita naye.

Ni muzuri kuliko yangu. Sijui itaisha namna gani. Polisi wa mulango amefungua dirisha kidogo, anasikiliza.

Byatu bya Ajenti kwenye ngazi. Ananiita na jina. Upande wa pili pia umejaa, na karatasi yote haina bende